Tengeni Mahali Nje ya Kambi

Ndugu zangu wa miji midogo, mliozaliwa mahali palipoitwa kijiji na sasa mnaishi mahali panapoitwa mji bila kuhama hata hatua moja, maneno haya ni yenu. Nawaandikia ninyi wa kandokando ya barabara kuu, wa gulio la Jumamosi, wa viwanja vya ishirini kwa ishirini vilivyopimwa juzi kwenye mashamba ya babu zenu. Majiji makubwa yana wahubiri wao. Leo tuseme habari za kinyesi, na sitawaomba radhi kwa kukitaja, maana Musa hakuomba.

Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Jeshi limepiga kambi, adui yuko karibu, na katikati ya mambo ya vita Torati inasimama kutoa agizo la choo. Kuwe na mahali nje ya kambi pa kwenda. Kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia, akiweke pamoja na silaha zake. Akimaliza haja, afukie. Na sababu inayotolewa inatisha: Bwana anatembea katikati ya kambi, naye akikuta uchafu atageuka aende zake. Tazameni lililotangulia. Kabla ya kifaa, kabla ya kufukia, patafutwe mahali.

Ndugu zetu Waislamu nao wamefundishwa na Mtume (S.A.W.) wasijisaidie penye maji wanayotumia watu, wala njiani wanapopita watu, wala kivulini wanapopumzika, na wasikojoe katika maji yaliyotuama. Basi mtu asije akaniambia kwamba dini haihusiki na majitaka, kwamba hayo ni ya bwana afya na halmashauri. Yanatuhusu sote tunaoinamisha vichwa kusali.

Nami nauliza: mahali pa mji wetu pako wapi?

Nyumba zina vyoo, hilo silikatai. Tumehimizwa, tumekaguliwa, tumetozwa faini, tumejenga. Vingine vina marumaru na bomba la kupumulia lililopakwa rangi. Lakini chini ya marumaru kuna shimo, na shimo hujaa. Kilichomo kinakwenda wapi? Muulize mwenyekiti wa kitongoji, ataangalia juu. Muulize mwenye nyumba, atakwambia la kwake bado halijajaa. Tumejenga nusu ya choo, ndugu zangu, ile nusu inayoonekana.

Mwaka 1973 nchi yetu ya Tanzania ilifanya jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Redio ilirusha vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wazima wapatao milioni 2 wakakaa kwenye vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka na majembe wakachimba vyoo. Ile ilikuwa toba ya kweli, toba yenye malengelenge mikononi. Na kwa vijiji vya wakati ule ilitosha. Shimo likijaa, baba alilifukia, akahamishia kibanda hatua kumi upande wa pili, na juu ya shimo la zamani akapanda mgomba. Shamba lilikuwa kubwa, udongo ulikuwa na subira, na miaka ilifanya kazi yake.

Leo baba yule ameuza shamba viwanja. Mtoto wake amejenga kwenye ishirini kwa ishirini: nyumba ya vyumba vinne, fremu mbili za duka mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, kisima pembeni, na choo kwenye kona iliyobaki. Wataalamu wa afya wanataka mita 30 kati ya choo na kisima. Yeye ana hatua nane, na jirani yake ng'ambo ya ukuta ana tano. Shimo likijaa hana pa kulihamishia. Kona zimekwisha. Hapo ndipo miji midogo iliponaswa: dawa ya kijiji imekwisha nguvu, na dawa ya jiji haijafika.

Kinachofanyika mnakijua, ila hatukisemi kwa sauti. Mvua ya masika ikianza kupiga bati usiku, mtu hutoka na nyundo akatoboa ukuta wa chemba, au akazibua bomba alilolitega makusudi tangu siku ya ujenzi, na choo kikatapishwa mferejini. Hutapishi wewe peke yako. Mtaa mzima unasubiri mvua hiyohiyo. Kukipambazuka mfereji una rangi ya kijivu, na kwenye kalavati vimenasa vipande vya nepi. Maji yale hupita nyuma ya shule, hukatiza bustani ya mchicha na matembele, huishia mtoni wanakofulia mama zetu wa kitongoji cha chini. Mchicha huo unafika sokoni alfajiri ukiwa umenyunyiziwa maji yaleyale ili uonekane mbichi. Tunanunua fungu. Tunakula kilichotoka chooni kwa jirani, halafu tunapanga foleni zahanati kuuliza kwa nini watoto wanaharisha.

Na kiangazi, mvua isipokuwepo ya kufichia dhambi, tunawaita vyura. Mnawafahamu. Vijana wanaokuja saa sita za usiku, wanamwaga mafuta ya taa shimoni kupunguza harufu, mmoja anashuka hadi kiunoni bila glavu wala buti, anajaza ndoo, mwenzake anavuta kamba. Tope linahamishiwa kwenye shimo lililochimbwa hapohapo uani na kufunikwa kwa udongo kidogo. Kesho yake tukipishana nao barabarani tunaziba pua. Tumewalipa waingie kwenye uchafu wetu wenyewe, kisha tukawadharau kwa kunuka uchafu wetu wenyewe. Hilo lina hukumu yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka Dar es Salaam, kikashika njia ya mabasi kikasambaa karibu mikoa yote ya Bara, kikavuka hadi Zanzibar, na zaidi ya watu 20,000 wakaugua. Kipindupindu hakiulizi kama mji wako una hadhi ya manispaa. Mtu mmoja aliyeambukizwa, choo kimoja kilichotapishwa, kisima kimoja kisichofunikwa, basi. Na mdudu huyo tunamwogopa kwa sababu anaua haraka. Wapo wapole zaidi wanaokaa nasi mwaka mzima. Yai la mnyoo wa tumboni, dogo lisiloonekana kwa macho, linaweza kukaa hai udongoni kwa miaka likisubiri vidole vya mtoto anayecheza gololi.

Sasa nije kwenye furaha yetu kubwa, maji ya bomba. Mradi ukifika tunapiga vigelegele, ngoma inapigwa, mgeni rasmi anakata utepe na kumtwisha mama mmoja ndoo mbele ya kamera. Nami napiga vigelegele pia. Lakini wahandisi hukadiria kwamba katika kila ndoo tano za maji zinazoingia nyumbani, nne hutoka zikiwa majitaka. Aliyekuwa akitumia ndoo tatu za kisimani sasa ana choo cha kuvuta maji, bafu na sinki la jikoni. Shimo lililochukua miaka minane kujaa litajaa kwa miaka miwili, na kilichomo kitakuwa kibichi zaidi. Kila bomba linaloingia mjini bila mpango wa kutoka linaongeza mzigo kwenye ule mfereji wa kijivu. Wala serikali haiwezi kusema haikujua: Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya 2019, hiyohiyo iliyoanzisha RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyaweka mambo haya mawili mikononi mwa walewale. Sijaona utepe ukikatwa kwenye bwawa la majitaka kwa shangwe ya namna ile. Siku nikiuona nitacheza.

Mtaniambia: mhubiri, mtambo wa majitaka ni wa matajiri, ni wa Ulaya, una mashine na umeme. Hapana. Ipo mitambo ya hivyo, yenye mota zinazopuliza hewa usiku na mchana, na mji mdogo ukipewa mmoja utazimika siku umeme wa LUKU utakapokwisha. Achaneni nayo. Tuna kitu ambacho jua letu limekifanya kiwezekane kwa bei ya sepeto na saruji: mabwawa. Morogoro wanayo Mafisa, Dodoma wanayo Swaswa, Moshi wanayo Mabogini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyatafiti kwa miaka mingi, pamoja na yale ya matete yanayochuja maji kupitia kokoto. Hii si elimu ngeni kwetu.

Tembea nami juu ya kingo zake. Mlangoni kuna chekeche la nondo, na hapo utakutana na siri za mji mzima: nepi, taulo za kike, vifuniko vya chupa, kandambili ya mguu wa kushoto. Mtu mwenye reki anavitoa kila siku, naye huyo ndiye mlinzi wa kwanza wa afya yetu. Kisha bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 3 hadi 5. Juu umegandamana utando mkavu ambao hata majani yanaota, na hapa na pale unaona mapovu. Huko chini hakuna hewa. Vijidudu visivyotaka hewa vinakula uchafu, vinatoa gesi, na tope zito linazama pamoja na mayai mengi ya minyoo. Baada ya siku chache maji yanavuka kwenda bwawa la pili, lisilozidi mita 2, na hapo rangi inageuka kijani. Ni mwani. Mwani unakula jua na kutoa hewa safi ndani ya maji, na kwa hewa hiyo kundi jingine la vijidudu linamalizia chakula kilichobaki. Maji yanakaa humo wiki kadhaa. Halafu mabwawa ya mwisho, mapana na mafupi kwa kina, kazi yake ni moja: kuyaanika maji juani. Adhuhuri mwani ukifanya kazi kwa nguvu, maji yanakuwa na ukali wa magadi, na ukali huo pamoja na miale ya jua huviua vimelea vilivyosalia. Bata maji wanaogelea. Hakuna mota, hakuna dawa ya kununua, hakuna mtaalamu wa kuagizwa. Mungu huliwasha jua kila asubuhi bila ankara, nasi tunapigana vikumbo kutafuta mfadhili!

Na maji yanayotoka yana faida. Chini ya mabwawa ya Mabogini wakulima wa mpunga huyatumia kumwagilia. Lakini nisiwadanganye: maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi lazima yapimwe. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo mwaka 1989, yai la mnyoo lisizidi 1 katika lita, na bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100. Bwawa lisilotunzwa halifikii hapo. Bwawa la kwanza likijaa tope hadi theluthi moja, tope hilo litolewe, likaushwe kwenye vitanda vya mchanga, lisubirishwe mpaka mayai yafe, ndipo liende shambani. Nyasi za kingoni zifyekwe, mbuzi wasichungwe pale, njia za maji zisizibwe. Yapo mabwawa katika nchi hii yaliyokufa kwa kukosa mtu mmoja mwenye fyekeo na mshahara.

Bwawa linadai kitu kimoja tu kwa ukali, nacho ni ardhi. Katika nchi ya joto kadiria mita za mraba 2 hivi kwa mtu mmoja. Mji wa watu 20,000 utataka hekta 4, yaani karibu ekari 10, na ukanda wa kuzunguka usiojengwa nyumba. Ukianza na topekinyesi peke yake, lile linaloletwa na gari kutoka mashimoni, utahitaji kipande kidogo tu cha hapo. Ekari 10! Jiji lingelia machozi kuzipata. Tazameni Dar es Salaam: mabwawa ya Vingunguti yamebanwa na nyumba, watu wanapika na kulea watoto kando ya kingo. Tazameni Arusha: mabwawa ya Lemara yalijengwa nje ya mji, mji ukatembea ukayakuta, ukayazunguka, na ikabidi mapya yachimbwe mbali zaidi, Terrat, ndani ya mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520 uliokopeshwa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Arusha ilikuwa na wa kuikopesha. Mji wetu wa mabasi matatu utamwendea nani?

Sisi tuna ardhi. Bado. Ile mbuga ya chini inayotuamisha maji kidogo, upande ambao upepo wake hauelekei mjini, ambako leo mtu anachunga ng'ombe na kesho dalali ataweka mawe. Hapa ndipo roho yangu inapochemka. Kila mwezi unaopita halmashauri inapima viwanja, inauza viwanja, inarasimisha makazi, na kwenye mchoro wa mipango miji mnaona shule, soko, stendi, makaburi, hata eneo la hoteli ya nyota tatu katika mji usio na choo cha stendi kinachofunga mlango. Tumewatengea wafu wetu mahali. Tumewatengea watalii ambao hawajazaliwa. Kitu ambacho kila mmoja wetu, tajiri kwa maskini, askofu kwa mlevi, anakitoa kila siku ya maisha yake, hatujakitengea hata robo ekari.

Wenzangu wa madhabahuni, nasi tujisemee. Tumechangisha mnara, tumechangisha kinanda, tumechangisha gari la mchungaji. Jumapili watu mia nne wanatumia vyoo vya kanisa. Yule aliyekuja kutapisha lile shimo mwezi wa nne alilipwa kutoka mfuko gani, na alimwaga wapi? Mzee wa kanisa aliyesaini vocha anajua. Na tusiwe wepesi wa kuomba mvua ya baraka wakati mvua hiyo ndiyo tunayoitumia kusukuma kinyesi kwa majirani.

Mwenye nyumba za kupangisha, uliyejenga karo bila sakafu ili lijinyonyee lenyewe ardhini usilipie gari: lile karo linanywewa na watoto wa mpangaji wako. Jenga karo lenye vyumba viwili, lisakafie, liweke mfuniko unaofunguka, liache upenyo wa gari kulifikia. Litaomba kunyonywa baada ya miaka michache; lipa. Kama njia ni nyembamba gari halipiti, ipo pampu ya mkono iitwayo Gulper, ambayo imekuwa ikitumika Dar es Salaam kunyonya mashimo ya uswahilini bila mtu kushuka ndani. Vijana wetu tunaowaita vyura wanunuliwe hizo, wapewe buti, glavu, chanjo na leseni, waandikishwe kikundi na wakopeshwe ile asilimia ya vijana kutoka mapato ya halmashauri kama wanavyokopeshwa wa bodaboda. Waitwe kwa majina yao, mchana.

Lakini hata gari likinunuliwa, hata pampu ikiletwa, bila mahali pa kumwaga dereva atamwaga porini, na pori ni shamba la mtu. Ndiyo maana nawasisitizia lile lililotangulia katika Torati.

Najua maneno yatakayokuja. Mtasema bwawa litanuka. Ndiyo, likitunzwa ovyo litanuka, na hata likitunzwa vizuri kuna siku zake. Kwa hiyo litengwe mbali na nyumba sasa, kabla nyumba hazijalifuata. Mtasema hatuna fedha za kujenga. Sawa, msijenge mwaka huu. Ardhi haingoji fedha za saruji: pimeni eneo, lipeni fidia wakati ekari bado ina bei ya malisho, wekeni mawe ya mipaka, pandeni miti kuzunguka, na pateni hati kwa jina la mamlaka ili diwani ajaye asije akaligawa kwa wapiga debe wake. Mfadhili akija siku moja, na hata Wizara ikija, swali lao la kwanza litakuwa eneo liko wapi. Miji isiyo na jibu hurukwa.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti yake inapikwa miezi mingi kabla, kuanzia vikao vya vitongoji. Nendeni kwenye vikao hivyo. Msiende kulalamikia mfereji. Mfereji umelalamikiwa vya kutosha. Nendeni kina mama wa kitongoji cha chini mkae mbele, maana ninyi ndio mnaofua huko mtoni. Nendeni maimamu na wachungaji kwenye benchi moja. Mwombeni afisa ardhi auchore ubaoni mchoro wa mji, au aulete ukiwa umechapwa, aonyeshe kwa kidole eneo la majitaka. Akilionyesha, mwambieni mwende naye mkaone mawe ya mipaka siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Asipoliona, lisomwe azimio, linyooshewe mikono, liandikwe kwenye muhtasari na lipewe ekari na jina la sehemu, mtendaji asaini, na nakala ibaki mikononi mwa watu watatu mnaowaamini: mama muuza mchicha, mwalimu wa afya wa shule ya msingi, na chura mmoja.